"WINGI WA KURA" NI KURA NGAPI?

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata daftari likiwapo, likiandikwa ovyo huleta ugomvi. Katiba ya chama chetu cha Kiswahili inasema mwenyekiti "atachaguliwa kwa wingi wa kura." Maneno hayo matatu tu ndiyo yaliyotuacha na makundi mawili yasiyosalimiana baada ya uchaguzi uliopita. Je, yana maana gani?

Mpenzi msomaji, tufanye hesabu. Tuseme watu 60 wamepiga kura. Mgombea wa kwanza apate 25, wa pili 20, na wa tatu 15. Wa kwanza amewapita wenzake, sawa, lakini watu 35 hawakumtaka. Ameshinda? Mmoja atasema ndiyo, kwani ana kura nyingi kuliko mwingine yeyote. Mwenzake atasema bado, mpaka afikishe 31, yaani zaidi ya nusu. Wote wawili wamesoma kifungu kimoja, na hakuna mwongo hapo!

Katiba ya Kenya ya 2010 haikuacha jambo hili hivi hivi. Kwa gavana, kifungu cha 180 kinataka kura nyingi kuliko za wengine, basi. Kwa rais, kifungu cha 138 kinataka zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka wa 1992 Rais Moi alishinda kwa takribani asilimia 36, kwa sababu sheria ya wakati huo haikudai nusu.

Hata hivyo, maneno "kura zilizopigwa" nayo yalizua kesi mwaka wa 2013. Je, kura zilizoharibika zihesabiwe? Mahakama ya Juu ikaamua kwamba zinazohesabiwa ni kura halali peke yake.

Wengine huandika "asilimia 51" wakidhani ndiyo zaidi ya nusu. La! Katika kura 201, kura 101 ni zaidi ya nusu, lakini hazifiki asilimia 51.

Msidhani haya ni ya wanasiasa tu. Kwenye fuo zetu, kama vile Dunga, wavuvi wana vikundi vya kusimamia ufuo, yaani BMU, vilivyowekewa kanuni na serikali mwaka wa 2007. Huchagua kamati na kuandika sheria zao ndogo. Kiongozi asiyekubaliwa na wengi akikataza nyavu za macho madogo, nani atamsikiza?

Kwa hivyo napendekeza kifungu chetu kisomeke hivi:

"Mwenyekiti atachaguliwa kwa kura ya siri. Atakayepata zaidi ya nusu ya kura halali zilizopigwa ndiye mshindi. Asipopatikana, wawili walioongoza watapigiwa kura tena siku hiyo hiyo. Wakitoka sare, mwalimu mlezi atapiga kura ya kuamua."

Kifungu ni kirefu kidogo, lakini hakina mlango wa nyuma. Nawaomba wanachama wenzangu tukijadili katika mkutano mkuu sasa, kabla hatujajua nani atagombea. Majina yakishatajwa, kila mtu atatetea maneno yanayomfaa rafiki yake.