Vyombo vya kioo vyenye urani: vitambue kabla hujalipa

Mchana, sahani ya kijani iliyopangwa kwenye meza ya vitu vya kale huonekana ya kawaida tu. Ikimulikwa gizani kwa tochi ya urujuanimno, mwanga ule ule unaotumiwa na makarani kukagua noti bandia, huwaka kijani kikali. Hicho ni kioo chenye urani. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya hukitafuta sana, na mnunuzi asiyekijua hulipa bei ya kitu cha kale kwa kitu cha juzi.

Kilianzia wapi?

Urani iligunduliwa mwaka 1789 na mkemia Mjerumani, Martin Klaproth. Katika miaka ya 1830, familia ya Riedel ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech, iliitumia kutengeneza vioo vya njano na kijani, ikavipa jina la Anna. Viwanda vya Uingereza na Marekani vikafuata. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilizuia urani kwa matumizi ya kiraia, na zuio hilo likaondolewa mwaka 1958.

Namna ya kupima

Zima taa au funika chombo kwa kitambaa cheusi, kisha mulika. Tochi ya nanomita 395 ni rahisi kupatikana, lakini yenyewe hutoa mwanga wa zambarau unaoweza kukuchanganya. Ya nanomita 365 huonyesha vizuri zaidi. Usiielekeze machoni, na usiwaachie watoto waichezee.

Kisha tazama rangi. Urani huwaka kijani kikali katika kioo chote. Manganizi, iliyotiwa zamani ili kukifanya kioo kiwe cheupe, hutoa kijani hafifu. Kadimi huelekea njano au rangi ya chungwa. Usidanganywe na rangi ya mchana: vioo vingi vya kijani vimepakwa rangi hiyo na chuma au kromi, wala haviwaki.

Kuwaka si umri

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tochi huthibitisha urani, haithibitishi miaka. Vyombo vya urani bado vinatengenezwa Marekani hata leo, navyo huwaka vilevile.

Kwa hiyo geuza chombo. Kilichotumika miaka mingi huwa na mikwaruzo midogo chini ya kitako, inayokwenda kila upande. Mikwaruzo iliyonyooka upande mmoja huenda ni ya msasa. Linganisha pia nakshi na alama ya kiwanda na picha za vitabu vya wakusanyaji. Muuzaji anayekukataza kukigeuza, mwache na mali yake.

Je, ni hatari nyumbani?

Mwanga huo wa kijani si mionzi ya nyuklia. Kioo hupokea urujuanimno na kuurudisha kama mwanga unaoonekana. Hata hivyo urani ina mionzi kidogo. Chombo kikikaa kabatini, mionzi inayoifikia familia ni ndogo mno. Lakini usikifanye cha kulia chakula wala kunywea, hasa vitu vichachu kama juisi ya limau, kwa kuwa asidi huweza kutoa urani kidogo ndani ya kioo. Usikisage wala kukipiga msasa, maana vumbi lake halifai kuvutwa. Kikivunjika, okota vipande kwa glavu, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi.