Je, Wajua? Mashine Iko Bunia, Vifurushi Viko Ng'ambo

Je, wajua kwamba jina Ubuntu halihitaji mkalimani hapa kwetu Bunia, mashariki mwa Kongo? Ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa tumbo moja na utu wetu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliupa mfumo wake wa kompyuta, wa aina ya Linux, jina hilo, na toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004. Namba yake ni 4.10, yaani mwaka, kisha mwezi.

Je, wajua kwamba hifadhi ya programu zake hunakiliwa kwenye seva nyingi duniani, na kila nakala huitwa kioo? Nakala kamili inapita terabaiti moja, kwa hiyo si kila aliye na kompyuta ya ziada chumbani anaweza kuwa na kioo chake.

Je, wajua kwamba Kampala wanacho? RENU, mtandao wa vyuo vikuu na watafiti wa Uganda, unakitunza kwenye mirror.renu.ac.ug. Kwa mstari ulionyooka, Bunia hadi Kampala ni kama kilomita 300. Hadi Kinshasa, mji mkuu wetu, ni kama 1,800. Ila jirani wa ramani si lazima awe jirani wa waya. Data yako inaweza kuzunguka bara jingine kabla ya kuvuka Ziwa Albert. Andika ping na jina la kioo, usome milisekunde, ndipo uamue.

Je, wajua kwamba herufi CD zina sura mbili ndani ya faili moja, ile ya anwani za hifadhi? Kongo yetu hutambulishwa kwenye intaneti kwa herufi cd tangu 1997. Enzi za Zaire zilikuwa zr. Ubuntu ikisakinishwa huweza kutanguliza herufi za nchi mbele ya anwani ya hifadhi, na nchi isiyo na kioo huelekezwa kwenye hifadhi kuu. Mstari unaoanza na cdrom: ni kitu kingine kabisa: huo unadai diski uliyosakinishia. Futa huo, usiguse ule. Na kabla ya kufuta chochote, nakili faili kwanza. Zamani ilikuwa /etc/apt/sources.list; tangu toleo la 24.04, Ubuntu imehamia /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, na wengi bado wanahangaika kuhariri ile ya zamani, ambayo sasa haina anwani yoyote.

Je, wajua kwamba kioo kinaweza kulaumiwa kwa kosa la betri? Kwenye ubao mama wa kompyuta kuna betri bapa, CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, mashine huamka ikidhani iko miaka ya nyuma. Programu ya apt, inayopakua kutoka kwenye kioo, husoma tarehe iliyoandikwa ndani ya orodha ya kioo, ikaona ni ya siku ambayo haijafika, ikaikataa. Hapo mtu hubadilisha kioo cha kwanza, cha pili, cha tano, na vyote vinatoa jibu lile lile.

Hapa kwetu mtego huo una mlango wa pili. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, Bunia na mashariki yote saa mbili. Kwenye orodha ya majira jina la Bunia halimo. Letu ni Africa/Lubumbashi. Anayechagua Kampala kwa ujirani, kisha akarekebisha saa kwa mkono ili ilingane na ya ukutani, ameirudisha mashine nyuma saa nzima bila kujua. Orodha iliyotiwa sahihi dakika 20 zilizopita itaonekana haijazaliwa. Amri ni moja: timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi. Kisha weka saa upya.

Je, wajua kwamba neno NOSPLIT likitokea kwenye skrini, huenda mega zako zimekwisha? Mtandao unaweza kulikatiza ombi lako na kurudisha ukurasa wa kujaza salio. Apt ilingoja faili yenye sahihi, ikaletewa tangazo la biashara. Fungua kivinjari uone mwenyewe kabla ya kugusa mipangilio.

Je, wajua kwamba kioo hakihitaji kuaminiwa? Orodha hutiwa sahihi ya kidijitali na wenye mfumo, si na mwenye seva. Akibadilisha hata herufi moja, mashine yako itagundua.

Je, wajua kwamba kosa la 404 mara nyingi ni habari ya uzee? Matoleo ya kawaida ya Ubuntu hutunzwa miezi 9 tu, kisha huhamishiwa old-releases.ubuntu.com. Lile la Oktoba 2023 lilifikia mwisho Julai 2024. Ukiwa mbali na mtandao wa uhakika, chagua toleo la LTS, linalotunzwa miaka 5.

Jina la kioo halipatikani? Andika ping 1.1.1.1. Namba ikiitika na jina lisiitike, tatizo ni seva ya majina, kioo hakihusiki.

Je, wajua kwamba kwenye mashine inayoongea Kifaransa, neno Atteint ni habari njema ya mfukoni? Maana yake orodha haijabadilika, haikupakuliwa tena. Réception ndiyo inayokula mega, na kwenye mashine mpya apt update ya kwanza huweza kuvuka mega 20 kabla hujasakinisha chochote.

Je, wajua kwamba apt na apt-get, ambazo wengi huzichukua kuwa kitu kimoja, zinatofautiana kwa ubahili? Apt hufuta vifurushi vya programu baada ya kuvisakinisha. Apt-get huviacha ndani ya /var/cache/apt/archives. Kwa mtu anayelipia kila mega, na mwenye rafiki Mahagi au Aru anayesubiri programu hiyo hiyo, tofauti hiyo ni pesa. Tumia apt-get, nakili faili za .deb kwenye flash, umpe msafiri. Ila ukimwandikia rafiki kwamba vifurushi viko USB, mfafanulie: mjini Bunia, USB pia ni Université Shalom de Bunia, na anaweza kwenda kuviulizia kwa mlinzi getini.