Gia ikiwa ngumu, usikubali haraka kuteremshiwa gia bokisi

Kuna maneno matatu ambayo dereva akiambiwa na fundi, hesabu zake zote za mwezi huvurugika: "Gia bokisi imekufa." Nimeshika spana hapa Mombasa zaidi ya miaka ishirini, na nasema bila kuuma maneno kwamba wengi wanaoambiwa hivyo, gia bokisi zao ni nzima. Kilichokufa ni kitu kidogo kilicho baina ya mkono wa dereva na hiyo gia bokisi, au baina ya mguu wake na klachi. Mara nyengine ni kipande cha plastiki ambacho ukikifumbata ndani ya ngumi hakionekani.

Nayaandika haya kwa sababu gari za manuali bado ndizo zinazolisha nyumba nyingi huku kwetu. Matatu za Likoni na Bamburi, Probox zinazobeba samaki na abiria kwenda Kilifi na Malindi, pikapu za mchanga, malori ya bandarini. Mwenye gari ya nyumbani ikimgomea atapanda tuktuk aende kazini. Lakini dereva wa matatu, gari ikilala, siku hiyo hana cha kumpelekea tajiri wala cha kupeleka nyumbani. Mtu aliye katika dhiki hiyo huitikia ndiyo kwa lolote atakaloambiwa, na hapo ndipo anapoumizwa.

Kwanza tuelewane gia inavyoingia. Ule mkono unaoushika haugusi gia zenyewe. Katika gari kama Hilux na pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, mkono umesimama juu ya gia bokisi moja kwa moja. Mwisho wake wa chini una kichwa cha duara kilichokaa ndani ya kikombe cha plastiki. Katika gari ambazo injini imelala kwa upana, kama Probox na Corolla, gia bokisi iko mbele huko chini ya boneti, mbali na mkono wako. Hapo kuna kebo mbili. Ukiupeleka mkono kushoto au kulia, kebo moja inachagua safu ya gia. Ukiusukuma mbele au kuuvuta nyuma, kebo ya pili inaiingiza gia yenyewe. Mwisho wa kila kebo kuna jicho lenye bushi ya mpira au plastiki, limevishwa kwenye pini ya mkono mdogo wa chuma uliotokeza juu ya gia bokisi. Hiace hizi za sasa, ambazo mkono wa gia umetokea kwenye dashibodi, nazo hutumia kebo.

Kisha kuna klachi. Kazi yake ni kuitenga injini na gia bokisi kwa muda unapobadilisha gia. Isipotenga sawasawa, vyuma vya ndani vinaendelea kuzungushwa na injini, nawe unashindana navyo kwa mkono mmoja.

Sasa jaribio la kwanza, na hili halitaki fundi wala spana. Simamisha gari pahali tambarare, vuta hendibreki, zima injini. Kanyaga klachi mpaka chini, uzungushe gia zote, ya kwanza hadi ya tano na rivasi. Halafu rudisha fri, washa injini, ujaribu tena papo hapo bila kuiendesha gari. Kama injini imezimwa gia zinaingia laini, na ikiwashwa zinakuwa ngumu au rivasi inakwaruza hata ukisubiri kidogo, shuku klachi kabla ya chengine chochote. Kama ni ngumu hata injini ikiwa imelala kimya, basi angalia kebo, bushi na viungo vya mkono. Nikiletewa gari yenye gia ngumu, siinui hata jeki kabla ya kufanya hivi. Fundi anayelala chini ya gari akatoka na jibu la gia bokisi bila kuujaribu mkono mara mbili namna hii, mimi humuogopa.

Tukianza na klachi, gari nyingi hutumia oili ile ile ya breki kuusukuma mkono wa klachi. Oili hiyo ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya Pwani haikosi unyevu, kiangazi wala masika. Ikikaa miaka mingi bila kubadilishwa hugeuka rangi ikawa kama chai ya rangi, na maji yale hula silinda kwa ndani na kuharibu sili zake. Kuna silinda mbili. Ya juu iko nyuma ya pedali, na ikivuja utaona unyevu ukiteremka kwenye fimbo ya pedali hadi kwenye zulia. Ya chini iko ubavuni mwa gia bokisi, na ikivuja utaona vumbi limeganda na kuwa tope pale pale. Ukipampu pedali mara tatu nne ndipo gia ikakubali, ujue mna hewa ndani ya bomba au sili zimechoka. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili na nusu saa. Kubadilisha sili au silinda nzima ni kazi ya asubuhi moja, na gia bokisi haiguswi. Zipo gari ambazo silinda ya chini imefichwa ndani, imelizunguka shafti. Hizo kweli lazima gia bokisi iteremke, lakini huteremka ikarudi ile ile.

Na kabla ya hayo yote, tazama miguuni pako. Zulia nene lililojikunja chini ya pedali linatosha kuizuia klachi isifike mwisho. Nimewahi kumaliza kazi kwa kulivuta zulia tu, na mwenye gari akabaki kunitazama kama nimemfanyia mazingaombwe.

Nije kwenye kebo, maana hapa ndipo sisi wa Pwani tuna ugonjwa wetu wenyewe. Kebo ya gia ni waya wa chuma unaoteleza ndani ya ala ya plastiki. Miishoni ina vifuniko vya mpira vya kuzuia maji na vumbi. Vikipasuka, chumvi huingia. Gari inayolazwa kila usiku karibu na bahari, au inayopita kwenye madimbwi kila masika, kebo zake hushika kutu kwa ndani pole pole. Haikatiki siku moja. Kila mwezi mkono unakuwa mzito kidogo, dereva naye anazoea, mpaka siku anampa gari mwenzake ampokee zamu, yule anasema: "Gia gani hizi, kaka? Kama natwanga kisamvu!" Wenye tuktuk wanalijua jambo hili kuliko sisi sote, kwani gia zao na klachi yao ziko mikononi na ni kebo tupu, na wengi wao hawatoki nyumbani bila kebo ya akiba chini ya kiti.

Ukitaka kujua kama ni kebo, ichomoe mwisho wake pale kwenye gia bokisi, injini ikiwa imezimwa. Usukume ule mkono mdogo wa chuma kwa kidole. Ukienda laini na kugonga mahali pake, gia bokisi ni nzima, uzito wote uko kwenye kebo. Kisha mwambie mtu ausogeze mkono wa gia ndani ya gari na uone kebo inavyokwenda bila mzigo. Dakika kumi zimekuonyesha ubaya uko upande gani.

Mwaka jana kijana mmoja wa Probox alinijia akiwa na barua ya bei mkononi, kutoka kwa gereji ambayo sitaitaja. Ameandikiwa gia bokisi iliyotumika kutoka Japani, klachi mpya nzima, oili, na ufundi. "Ami, nimekuja unisaidie hesabu tu, nijue kama wananionea," akasema. Nikamuuliza, "Mwanangu, gia yenyewe yafanyaje?" Akasema gia ya kwanza na ya pili zinaingia, ya tatu na ya nne zinaingia, ya tano na rivasi hazipatikani kabisa, na mkono unacheza cheza kushoto na kulia. Hapo nilishajua. Mkono ukicheza kwenda ubavuni, na ukakosa safu nzima ya gia, ni kebo ya kuchagua haifikishi. Tukafungua boneti. Bushi ya jicho la kebo ilikuwa imekauka ikavunjika, nusu yake haipo, chuma kinagonga chuma. Gia bokisi haikuwa na kosa. Tofauti ya bei ya bushi na bei aliyoandikiwa ni kama fungu la mchicha na mbuzi wa idi.

Sisemi kwamba kila fundi anayetaja gia bokisi ni mwizi. Wengine hawajui tu. Siku hizi gari nyingi zinazoteremka bandarini ni za otomatiki, na kuna vijana gerejini ambao hawajawahi kuivua kebo ya gia hata mara moja. Lakini ujinga wa fundi na wizi wa fundi vyote hulipwa kutoka mfuko mmoja, wa dereva.

Sasa jambo la hatari. Bushi ikivunjika au kebo ikichomoka, mkono unaweza kuonyesha fri na gia bokisi ikawa imebaki kwenye gia. Dereva anauchezesha mkono, anauona mlegevu kama mwiko ndani ya uji, anaamini yuko fri, anawasha gari bila kukanyaga klachi. Gari inaruka. Fikiria hilo kwenye foleni ya feri ya Likoni, watu wanapita mbele ya bampa yako na wenye mikokoteni wako ubavuni. Kwa hivyo mkono ukilegea ghafla, kanyaga klachi kabla ya kugusa ufunguo, siku zote, na hendibreki iwe juu.

Yakikufika njiani, tuseme uko Mtwapa usiku na kebo imechomoka, unaweza kufika nyumbani kama pahali ulipo ni tambarare. Zima injini, vuta hendibreki, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Fungua boneti, subiri ipoe. Mwenzako akanyage klachi, nawe usukume ile mikono midogo juu ya gia bokisi mpaka iingie gia ya pili. Funga boneti, toa mawe, kanyaga klachi mpaka mwisho ndipo uwashe, uondoke pole pole na ukae kwenye gia hiyo hiyo hadi gerejini. Injini ikiwa inaunguruma usitie mkono mle ndani hata kama una haraka ya namna gani. Ukiwa kwenye mteremko au karibu na feri, achana na ujanja huu, tafuta wa kukuvuta.

Kuna wanaofunga jicho la kebo kwa waya au kwa kamba ya tyubu. Kwa kufika nyumbani sina ubaya nayo. Kuibebea abiria wiki nzima ni jambo jengine, kwa sababu waya hula ile pini ya chuma, na pini ikishaliwa, bushi mpya haikai tena. Hapo ndipo jambo dogo linapokuwa kubwa kweli.

Nisionekane nasema gia bokisi haifi. Hufa. Kama ni gia moja tu inayokwaruza, sanasana ya pili au ya tatu, na zilizobaki ni laini, na klachi umeikagua, hiyo ni sinkro iliyolika na dawa yake iko ndani. Kama kuna mvumo unaotulia ukikanyaga klachi na kurudi ukiachia, beringi ya gia bokisi inataka kuangaliwa. Gia ikiruka yenyewe ukikanyaga mafuta, kagua mauntini za injini kwanza, maana mauntini iliyokatika huiacha injini ijipinde na kuzivuta kebo. Mauntini zikiwa nzima, basi shughuli iko ndani. Na ukikubali gia bokisi iteremshwe, kuwepo inapofunguliwa. Iliyochakaa uioneshwe na ukabidhiwe, pamoja na pleti yako ya zamani.

Nimalizie na oili ya gia, kwa sababu huulizwa sana na hujibiwa ovyo. Dukani utakuta GL-4 na GL-5, na muuzaji atakwambia GL-5 ni bora kwa kuwa namba ni kubwa. Si hivyo. GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, na dawa zilizomo huweza kuzila sinkro za shaba katika gia bokisi nyingi za manuali. Soma kitabu cha gari yako, na kama hakuna, angalia gari ya aina hiyo hiyo inaandikiwa nini. Unapoimwaga ya zamani, ipitishie kidole. Ikiwa na unga mwembamba wa shaba unaong'aa, sinkro zinalika. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, pengine siku ulipopita kwenye mafuriko, na hiyo haifai kungoja hata mwisho wa wiki.