Wakili husema kwa niaba yako, dhima hubaki yako



Ndugu msomaji, katika mwalo wa Nkome, mkoani Geita, biashara nyingi huanza kwa maneno ya mdomo. Mmoja hutoa mtumbwi na mashine, mwingine nyavu na mafuta, wa tatu hupeleka dagaa na sangara sokoni. Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamagasa, mwenye leseni, mwenye duara na mfadhili anayewalisha wachimbaji hupatana mgawo wa mawe kwa kushikana mikono. Maadamu hakuna faida, wote ni ndugu. Dhahabu inapoonekana, au mashine inapozama ziwani, kila mmoja huyakumbuka mapatano kwa namna yake. Hapo ndipo husikika kauli: "Tukutane mahakamani, mimi nina wakili."

Je, Muislamu anaruhusiwa kumwajiri mtu wa kumsemea katika ugomvi wa mali? Jibu ni kwamba anaruhusiwa. Uwakala ni mlango unaojulikana katika fiqhi, na neno wakili tumelirithi kutoka Kiarabu pamoja na maana yake: mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) hakupenda kuhudhuria mashauri yeye mwenyewe. Alimweka nduguye Aqil asimame kwa niaba yake, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah bin Jaafar. Imamu Abu Hanifa aliona kwamba mpinzani aweza kumkataa wakili ikiwa mwenye shauri hana udhuru kama maradhi au safari, lakini wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, pamoja na wanazuoni wengi, hawakuliweka sharti hilo.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mpaka. Katika Hadithi ya Bi Ummu Salama (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kwamba yeye ni binadamu na huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wa wagombanao akawa fasaha kuliko mwenzake. Aliyekatiwa haki ya nduguye kwa njia hiyo, asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haikuigeuza haramu kuwa halali, itakuwaje hukumu ya hakimu wa leo? Ulimi waweza kuukodi, lakini dhima ya mali uliyoichukua hubaki shingoni mwako.

Naye wakili ana la kuzingatia. Aya ya 105 ya Surat An-Nisaa inakataza kuwatetea wahaini. Wafasiri wanaeleza kwamba iliteremka kwa sababu ya mtu wa Madina aliyeiba deraya, kisha lawama ikatupwa kwa Myahudi asiye na hatia, na jamaa za mwizi wakataka ndugu yao atetewe. Funzo ni wazi kwetu tunaofanya biashara na watu wa dini mbalimbali: haki ya asiyekuwa Muislamu ni haki kamili.

Basi mwenye haki afanyeje? Kwanza, ahakikishe anayemwajiri ni wakili kweli. Nchini Tanzania, mawakili huandikwa katika daftari la Mahakama Kuu, na huhuisha leseni zao za uwakili kila mwaka. Vishoka wanaozunguka nje ya mahakama wakiandika hati kwa malipo si mawakili. Wakili akienda kinyume na maadili, mteja anaweza kulalamika kwa Kamati ya Mawakili.

Pili, asichelewe. Kwa sheria ya ukomo wa muda, dai la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Kumstahi ndugu ni jambo jema, lakini subira isiyo na mpango huweza kuufunga mlango wa mahakama.

Tatu, ajue pa kupeleka shauri. Migogoro ya wachimbaji wengine husikilizwa na Tume ya Madini, na si kila ugomvi lazima uanzie mahakamani. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliwafungulia njia pale anapokaa hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama.

Nne, amweleze wakili ukweli wote, hata unaomuumiza, na ampe kila karatasi na risiti. Ujira wapatane mapema na uandikwe. Asiye na uwezo asikate tamaa, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria.

Tano, asiufunge mlango wa sulhu. Wakili mwema humshauri mteja wake apatane pale panapofaa. Hata wakubwa hurejea mezani. Mwaka 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na kampuni ya Acacia ikafungua shauri la usuluhishi wa kimataifa. Mwisho wake ulikuwa mapatano na kampuni ya Barrick, yaliyotiwa saini Januari 2020, na kampuni ya Twiga ikaundwa, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Ikiwa ugomvi wa mabilioni ulimalizwa kwa mazungumzo, ugomvi wa mtumbwi mmoja hauna sababu ya kuvunja udugu wa miaka 20.

Mwisho, ndugu zangu, wakati mzuri wa kumwona wakili ni kabla ya ugomvi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tutazame nyumba zetu: mume anafariki, mkewe anajua tu kwamba marehemu alikuwa na fungu katika mashine ya fulani au duara la fulani. Hana karatasi wala shahidi. Mshirika akikana, mayatima wamepoteza riziki yao, na hakuna wakili wa kuirejesha kwa ufasaha mtupu. Mwenye mali ya ushirika na aandike leo fungu lake, ashuhudishe watu wawili, na amwonyeshe mkewe ilipo karatasi hiyo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuila halali na kuiogopa haki ya mwenzetu. Wallahu a'lam.