Msee wa Voi, Hujui Kuogelea? Bado Matumbawe Utayaona

Wasee wa Voi, tuambiane ukweli: sisi tumezoea ndovu, si mawimbi. Hata pale Mzima Springs maji ni masafi kama kioo, lakini wenye boma ni viboko na mamba. Sasa dandia SGR hadi Mombasa, vuka Likoni, shuka mpaka Shimoni. Boti itakupeleka Kisite-Mpunguti, mbuga ya baharini ya KWS karibu na kisiwa cha Wasini.

Hujui kuogelea? Vaa laifujaketi, usibanduke kwa nahodha. Jaribu maski kwanza: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi na pua. Ikishika, hiyo ndio yako. Itemee mate, suuza, ukungu hauingii. Uma mrija, pumua na mdomo polepole. Maji yakiingia, puliza kwa nguvu. Ukipanik, lala chali, inua mkono.

Na manze, usikanyage matumbawe. Si mawe yale, ni wanyama hai, na mengine huongezeka milimita chache tu kwa mwaka. Unachovunja leo, mtoto wako hatakikuta.

Kusi ikivuma bahari huchafuka. Ngoja kaskazi, Novemba hadi Machi.