Lori la zamani, springi mpya: unalipia nini hasa pale gereji?

Na Mwandishi Wetu, Arua

LORI ni Mercedes-Benz 911, lile la pua fupi na boneti ya mviringo, rangi yake ya buluu imepauka kwa jua. Mwenye mali ni mama mmoja wa Koboko. Hupakia unga wa mahindi, sabuni na mafuta ya kula hapa Arua, akashusha Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Lori aliachiwa na marehemu mumewe, na ndilo linalosomesha watoto wake.

Mwaka jana aliuza ng'ombe wawili ili gereji moja mjini hapa imtengenezee mbele. Alimweleza fundi kwamba lori linainama na kugonga, akaomba awekewe springi za nguvu. Fundi akamwambia, mama, hilo ni dogo, njoo keshokutwa. Keshokutwa kazi ilikuwa tayari, mbele pameinuka na lori limesimama kama jipya. Mama akalipa pesa zote palepale na kushukuru.

Wiki ya tatu, lori likirudi tupu kutoka Oraba, usukani ulimvuta dereva kulia. Likavuka mstari wa katikati kabla hajalirudisha, na basi la abiria likapita pembeni kwa upana wa mkono. Hakuna aliyeumia. Lakini walipokagua, tairi mbili za mbele, ambazo nazo zilikuwa mpya, zilikuwa zimelika upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana.

Kisa hiki si cha ajabu kwa wanaopita njia zetu, na ndiyo maana kinafaa kuelezwa kinagaubaga. Wengi wetu tunalipa gereji bila kujua tumelipia nini.

Tuanze na lori lenyewe. Jamii ya malori haya ya pua fupi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1959, na jina lake ni hesabu. Tarakimu ya 9 ni tani tisa, yaani uzito wote wa lori likiwa limebeba, na 11 ni nguvu ya farasi 110. Ukitoa uzito wa chuma na bodi, mzigo uliokusudiwa haufiki tani sita. Mama yetu amezoea kupakia nane. Marehemu, anasema, alikuwa akipakia tisa siku za mavuno. (Wanaume wa biashara hii hupenda kusifia uzito waliobeba kuliko faida waliyopata.)

Mbele ya lori hili kuna ekseli moja nzima ya chuma, imening'inizwa kwenye springi mbili. Kila springi ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ndivyo mafundi wanavyoviita majani. Jani kuu lina macho mawili, moja mbele na moja nyuma, ya kupitisha pini. Upande mmoja pini imeshikwa kwenye chasisi moja kwa moja. Upande wa pili inashikwa na kiungo kinachobembea, kwa sababu springi ikibanwa inarefuka. Ncha za ekseli zina kingpini, ambazo ndizo magurudumu yanapozungukia unapokata kona. Kati ya kila pini na chuma kinachoizunguka kuna bushi, na bushi ndiyo iliyokusudiwa kulika ili chuma cha bei kubwa kisilike.

Sasa gereji ile ya kwanza ilifanya nini? Iliongeza majani mawili kila upande, yaliyotolewa kwenye lori bovu la aina nyingine, manene kuliko ya mwanzo. Hapo ndipo hesabu inapowapotosha wengi. Ukiongeza jani moja la unene uleule kwenye springi ya majani saba, ugumu unapanda kwa sehemu moja ya saba hivi. Lakini unene una sheria yake: jani lenye unene mara mbili huwa gumu mara nane. Majani manene mawili yanaweza kuigeuza springi ikawa karibu na gogo. Lori likiwa na mzigo utaona limetulia, na likiwa tupu linarukaruka barabarani. Kila shimo ambalo springi ilipaswa kulimeza linapelekwa juu kwenye chasisi, na kwenye kingpini na mikono ya usukani.

Na kingpini hazikuguswa. Zilikuwa zimelegea tangu siku za marehemu. Lile gongo ambalo mama alilisikia halikutoka kwenye springi. Lilitoka kwenye bushi za kingpini zilizokwisha na kwenye pini za springi ambazo hazijaona grisi kwa muda mrefu. Alilipia ugumu wakati alichohitaji ni vitu vidogo viwe vimekaza.

Fundi wa pili, mzee mmoja mwenye kibanda nje ya mji wa Koboko, aligundua hayo kwa muda mfupi. Aliinua mbele kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Kisha akamwita taniboi akanyage breki, akatikisa tena. Likacheza vilevile. Ubaya ungekuwa kwenye beringi za gurudumu, breki ingeuzuia mchezo ule. Kwa kuwa haukukoma, kosa ni la kingpini. Jaribio hili halihitaji gereji. Dereva yeyote anaweza kulifanya kabla hujaenda kulipa.

Akachukua pia futi ya fundi seremala, akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo viwili vinapaswa kulingana. Upande wa kulia ulikuwa mfupi kwa karibu vidole viwili. Bolti ya katikati, ile inayopenya majani yote na kukaa kwenye tundu la ekseli, ilikuwa imekatika, na ekseli imerudi nyuma upande huo. Ndiyo iliyokuwa ikilivuta lori kulia. Ilikatika kwa nini? Kwa sababu bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli zilikuwa zilezile za zamani, zimevutika, na baada ya majani kuongezwa zilikuwa fupi hata nati hazikushika vizuri. Hakuna aliyerudi kuzikaza baada ya safari ya kwanza.

Kazi ya mzee ilichukua siku tano, kwa sababu spea zilitoka Kampala, soko la Kisekka, zikaja kwa basi la usiku. Aliyaondoa majani ya kuazima, akarudisha idadi ya mwanzo, mawili yaliyopoteza mkunjo akabadilisha. Akaweka bolti mpya zote, bushi na pini za springi, kingpini na bushi zake, na shokapu mbili. Hizo shokapu wengi huziona ni anasa. Springi ikishabanwa hutaka kuendelea kuyumba juu na chini, na shokapu ndiyo inayoituliza ili tairi libaki chini na breki ishike.

Bushi za kingpini haziingizwi tu kwa nyundo. Zikishaingia hutobolewa kwa rima ndefu inayopita ya juu na ya chini kwa mstari mmoja. Gereji isiyo na rima itazisugua kwa msasa mpaka pini ipite, na baada ya miezi michache utarudi palepale. Kabla hujatoa pesa uliza waziwazi: fundi, rima unayo? Nikuambie kweli, nimeona watu wazima wakinuna kwa swali hilo.

Wapo wanaotaka zaidi ya kurudisha lori lilivyokuwa. Zipo springi za majani machache, manene katikati na membamba kuelekea ncha, majani yasiyogusana kwa urefu wote. Hupanda mashimo kwa ulaini zaidi kwa sababu hayasuguani. Lakini kwa kuwa hayasuguani, bila shokapu nzima lori litayumba kama mtumbwi. Tena upana wake, urefu wa jicho hadi jicho na unene wa pini lazima vilingane na vya lori lako. Akikuambia atakata hapa na kuchomelea pale, ondoka. Chuma cha springi kimepikwa kwa moto wa kipimo, na moto wa kuchomelea unakiharibu. Jani lililochomelewa huvunjika karibu na kovu. Vilevile kiungo kirefu cha kuinua mbele hubadilisha mlalo wa kingpini, na ukishapungua usukani haurudi wenyewe katikati baada ya kona.

Kuna suala la mpaka pia. Wenzetu wengine hununua springi kuukuu ng'ambo, Ariwara, kwa bei nafuu. Congo iliingia Jumuiya mwaka 2022, na baadhi yetu tunadhani sasa kila kitu kinapita kwa cheti rahisi cha uasili, kile cha bidhaa zisizozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Springi ya Ujerumani haiwi ya kwetu kwa kulala usiku mmoja Ariwara. Ushuru wake uingie kwenye hesabu yako kabla hujaisifia bei. Na kwa wanaotegemea mizani: sheria ya Jumuiya inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele yenye tairi mbili, lakini hiyo ni hesabu ya kulinda barabara. Ekseli ya mbele ya 911 iliundwa kwa uzito ulio chini sana ya hapo.

Kuhusu malipo, mzee wa Koboko na mama walielewana hivi. Kwanza karatasi yenye orodha ya kila spea na bei yake, mbali na ufundi. Pesa za spea zilitolewa mwanzo, na mama mwenyewe akapiga simu Kisekka kuulizia bei. Nusu ya ufundi ililipwa lori liliposhushwa kwenye jeki. Spea kuukuu zote ziliwekwa kwenye gunia akabidhiwa. Nusu iliyobaki ingelipwa baada ya safari ya kwenda na kurudi ikiwa na mzigo.

Safari hiyo niliifuata kwa bodaboda. Lori lilibeba tani tano na nusu, baada ya mabishano, kwa sababu mama alitaka saba. Lilikwenda Oraba na kurudi Koboko bila dereva kupigana na usukani. Jioni mzee alilala chini ya boneti na spana ndefu, akakaza tena bolti za umbo la U moja baada ya nyingine. Mbili zilikubali robo mzunguko. Mama alisimama kando akihesabu noti, na hakumpa mpaka nati ya mwisho ilipogoma.