Mwanafunzi wa Miaka 67

Msomaji wangu, nilipelekwa chuoni nikiwa na miaka sita, ubao mkononi. Tulikuwa watoto zaidi ya ishirini pale barazani, lakini ni nadra kukuta wawili wanaosoma mahali pamoja. Huyu yuko katika alifu, yule keshafika juzuu ya Amma, na kila mmoja kwa zamu yake huenda mbele ya mwalimu, akasoma, akarudishwa nyuma, akasoma tena. Sikudhani ningeyaona mambo hayo tena utu uzimani, tena mbele ya sello.

Nilikuwa Unguja kwa harusi ya mpwa wangu. Karibu na nyumba tuliyofikia, katika uchochoro wa Mji Mkongwe, anakaa kijana apigaye sello katika taarabu, naye baada ya sala ya alasiri hufundisha sebuleni kwake, mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa asiyeijua, sello ni dada mkubwa wa fidla. Ina nyuzi nne na upinde wa nywele za mkia wa farasi, lakini huwekwa katikati ya magoti, na sauti yake nzito yakaribia ya mwanamume aimbaye. Huko Misri, vikundi vya watu wachache vilipopanuka katika karne ya 20, fidla ziliongezeka na sello ikaingia. Waunguja, ambao taarabu yao imekuwa ikiitazama Misri tangu enzi ya Sayyid Barghash, nao wakaipokea. (Wako watakaoniuliza hukumu ya ala za nyuzi. Hilo nawaachia masheikh, ambao walihitilafiana kabla sijazaliwa.)

Nilipewa ruhusa ya kukaa pembeni. Alikuja kwanza binti wa miaka minane na sello ndogo, kwani hutengenezwa kwa vipimo vya watoto, mfano wa kanzu za Idi. Mwalimu alikuwa amembandikia vipande vya karatasi chini ya nyuzi, ajue pa kuweka vidole. Baada yake akaingia mzee wa miaka 67, karani mstaafu, akihema kwa ngazi. Kijana akasimama upesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Sello ile ilikuwa ya marehemu kaka yake, aliyeipiga mpaka mwisho wa uhai wake. Katika mirathi mzee hana fungu, maana marehemu ameacha wana wa kiume, nao wana wanataka kuiuza. Mnunuzi keshapatikana. Mzee hakubishana na sheria. Aliwaomba wamwachie mpaka Ramadhani iandame, na akiweza kuwapigia wimbo mmoja wa baba yao, sello ibaki nyumbani. Wakakubali, nadhani kwa kumstahi tu.

Wimbo wenyewe ni wa bayati. Wajuao wanajua kwamba katika bayati mna sauti iliyo kati na kati, ambayo piano haina. Sello haina vyuma vya kukata sauti kama gitaa, basi kidole chaweza kuifikia, lakini hakuna alama ya kukionyesha njia. Kidole cha mzee kilipanda mno, kisha kikashuka mno.

"Naniwie radhi, mzee, si hapo."

Mwalimu wangu mimi alikuwa na bakora, wala sikumbuki akiniomba radhi.

"Nibandikie karatasi kama yule mtoto," mzee akasema.

"La, mzee. Yule hajaijua sauti yenyewe, wewe unayo tangu utotoni. Usitazame kidole. Iimbe kwanza."

Mzee akafumba macho, akaimba. Sauti ilitetemeka, lakini ilikuwa pale pale inapotakiwa. Akavuta upinde, kidole kikateleza kidogo, kikakaa. Mara ya pili kikakosa. Mara ya tatu kikapata, na binti, ambaye hakuwa ameondoka, akacheka kwa furaha mlangoni.

Nilimsaidia kuiteremsha sello ngazi, imefungwa katika shuka ya maua. Uzito wake si mkubwa, ila haina pa kushika. Nikamuuliza umebaki muda gani.

"Leo mwezi kumi Rajabu," akanijibu. "Hebu hesabu mwenyewe." Akashika njia ya uchochoroni, akiimba ile sauti moja kwa sauti ya chini, asije akaipoteza kabla ya kufika nyumbani.